Arobaini ya Kazi

Katibu hakuwahi kumwazima mtu mwavuli. Mvua ya Guangzhou haina adabu, inamwagika bila kubisha hodi, na mtu aliyenaswa mlangoni mwa soko na maboksi yake ya puto na daftari hubaki anaangalia huku na huku nani atamsitiri. Katibu alipita katikati ya watu wa namna hiyo akiwa chini ya mwavuli wake mweusi, akawasalimu kwa majina, akawaulizia watoto, kisha akaenda zake mkavu. Hakumnunulia mtu chai. Hakukopesha hata nauli ya basi. Wageni waliofika mjini na kuambiwa kwamba huyo ndiye aliyeanzisha mfuko wetu wa kusaidiana walidhani wanataniwa.

Nilimjua kwa miaka sita hivi, nikiwa mwanafunzi kule China kwa ufadhili wa masomo. Wikiendi niliwatafsiria wafanyabiashara, na kwa kazi hiyo ndiyo nilikutana naye. Sijui alizaliwa wapi hasa, na sikuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga. Alipenda kusema kwamba zamani alikuwa karani katika kiwanda cha nguo, kiwanda kikafungwa, akapewa mkono wa kwaheri na baiskeli isiyo na kengele. Hadithi yake ya ujana iliishia hapo. Baada ya hapo anaonekana Guangzhou akiwanunulia wenye maduka madogo wa nyumbani mizigo ya kuchanganya: rula, gundi, vifutio, midoli, vichongeo vya umbo la samaki.

Kila mtu alimwita Katibu kwa sababu alikuwa katibu wa chama chetu, umoja wa watu wanaozungumza Kiswahili mjini. Wauzaji wa Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, walidhani ndilo jina lake. Walimwita kutoka mbali, "Ka-ti-bu! Laoban Katibu!" Laoban ni bosi, na wale wauzaji humpa cheo hicho yeyote mwenye pochi. Yeye peke yake alikikataa. Aliniambia niwatafsirie: "Waambie laoban ni mtu anayeweza kukufukuza kazi. Mimi nitamfukuza nani?" Nilitafsiri. Walicheka, wakaendelea kumwita laoban.

Katika bei hakuwa na huruma. Nilimwona siku moja kwenye kibanda cha rula, akimkamua msichana muuzaji mpaka msichana akakaa kwenye kigoda na kujipepea kwa kikokotoo. Kikokotoo ndicho kilichokuwa lugha ya soko lile: muuzaji anabonyeza bei yake, anakusogezea, wewe unafuta, unabonyeza yako, unamrudishia. Katibu alikuwa akifuta na kubonyeza bei ileile, kila mara ileile, akitabasamu kama mjomba wa bibi harusi. Mwishowe msichana alitupa mikono juu na kuanza kufunga mzigo.

Tulipotoka nikamwambia, "Katibu, si wewe unayesema kila siku wafanyakazi wanaonewa? Yule si mfanyakazi?"

"Mfanyakazi kabisa."

"Sasa mbona umemkaba hivyo?"

"Binti, sikumkaba yeye. Nimemkaba bosi wake. Yeye alikuwa amesimama njiani tu."

Alitembea kidogo, kisha akasimama katikati ya watu na mikokoteni. "Lakini umeuliza vizuri," alisema. "Jibu langu ndilo si zuri."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Angeweza kukushinda kwa maneno, halafu akarudi mwenyewe kuulegeza ushindi wake. Wengi walisikia ile sehemu ya kwanza tu, wakaondoka wamekasirika, wasiisubiri ya pili.

Kulikuwa na swali moja aliloliuliza popote alipoingia: ukiugua, nani analipa? Aliwauliza wapishi, madereva, walinzi wa maghala. Mara moja mteja wake wa nyumbani aliagiza suruali za jinzi, nikafuatana naye hadi Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, kumtafsiria. Tulipelekwa katika chumba cha kufulia, ambako maji ya buluu yalitiririka sakafuni, na wafanyakazi walikuwa na mikono ya buluu hadi kwenye viwiko. Badala ya kuuliza bei, alimkaribia msichana mmoja na kuniambia, "Muulize."

Niliuliza. Msichana alicheka akidhani sikijui Kichina vizuri. Nikarudia.

"Nikiugua narudi kwetu," alijibu. "Kadi yangu ya hospitali imeandikishwa kijijini. Hapa hawaitambui."

Kwao kulikuwa Sichuan, zaidi ya siku nzima kwa treni. Msimamizi alikuja mbio na kuuliza kama tumekuja kununua au kuhoji. "Mwambie tumekuja kuhoji," alisema Katibu, na baada ya muda mfupi tulikuwa barabarani, bila suruali hata moja. Basi lilipokaribia mjini alinigeukia. "Kadi inakaa Sichuan," alisema, "ugonjwa unakaa Xintang. Sisi hata hiyo kadi hatuna."

Alisema kweli. Sisi wageni hatukuwa katika bima yoyote ya serikali. Aliyebahatika kuajiriwa na ofisi yenye roho nzuri alilipiwa hospitali na ofisi hiyo. Aliyepoteza kazi alipoteza na daktari. Na hospitali za kule, kama ilivyokuwa kawaida, zilitaka utoe pesa dirishani kwanza, ndipo uende kuumwa.

Kwa hiyo tulikuwa na mfuko. Kila mwanachama alichangia kila mwezi, na mfuko ulisafirisha maiti, ulisaidia wafiwa, na ulimshika mkono aliyepoteza kazi. Mhazini alikuwa Bi Salma wa Mombasa, mfanyabiashara wa mikoba aliyekwenda kila wiki mji wa Shiling, inakoshonwa, na kuwajua mafundi wa ngozi kwa majina ya watoto wao. Mikutano ilifanyika Jumapili alasiri katika chumba cha juu cha mgahawa wa Waislamu wa kaskazini wanaopika tambi za kuvuta kwa mkono. Wakristo walitoka kanisani, Waislamu walitoka kuswali adhuhuri, wote wakakutana kwenye bakuli.

Nilimuuliza Katibu kwa nini yeye mwenyewe ni mgumu namna ile, ilhali mfuko aliupigania kama mtoto wake. Ilikuwa siku ambayo kijana mmoja mfunga mizigo alimwomba pesa za kung'olea jino, naye akamjibu, "Peleka jino lako kwenye mfuko."

"Nikimtolea mfukoni mwangu," aliniambia, "kesho akinisalimia ataniinamia. Na mimi nitapenda, hilo ndilo baya lake. Keshokutwa atakuja mwingine ambaye simpendi sura, nitamwambia sina. Mfuko wa chama hauna macho, binti. Haujui nani mzuri."

Bi Salma alisikia, akaguna. "Mfuko hauna macho kwa sababu macho ninayo mimi. Angekuwa mhazini yeye, tungeshalala njaa zamani."

Sasa nifike kwenye kosa lake, kwa sababu bila kosa hilo picha hii haikamiliki.

Chama kilipoanzishwa, Katibu alipewa wiki moja kuandika katiba. Alikuwa na mzigo wa kupakia wiki hiyohiyo. Akafanya kama ambavyo karani yeyote angefanya: akachukua katiba ya chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwao, aliyokuwa anaikumbuka karibu yote, na kuiandika upya akibadilisha jina la mji. Mahali palipoandikwa "mwanachama atakayefiwa," aliongeza "au kupoteza kazi." Sentensi ikaendelea kama ilivyokuwa tangu enzi za wazee wake: atapewa pole, atasaidiwa chakula, pango na matibabu, hadi arobaini.

Hakuna aliyeshtuka. Miaka ile Guangzhou ilikuwa inachemka. Majengo yaliota, makontena yalipangana, na mtu aliyefukuzwa kazi asubuhi alipata nyingine kabla ya kumaliza kulalamika. Watu waliitania tu ile sentensi. Aliyeachishwa kazi walisema "amefiwa na kazi," wakamtembelea na sufuria ya wali, wakakaa kitandani kwake kwa kukosa viti na kumuuliza marehemu aliugua nini.

Mwishoni mwa mwaka ule wa Olimpiki ya Beijing, utani ulikwisha. Wanunuzi wa Ulaya na Amerika waliacha kuagiza, viwanda vya Xintang vikafunga milango, na wafanyakazi wa kutoka majimboni walijaa stesheni na mafurushi yao wakirudi makwao kabla hata ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Upepo huo ulitufikia na sisi. Ofisi za kusafirisha mizigo zilipunguza watu. Mmoja wao alikuwa Wambui.

Wambui alitoka Nairobi. Kazi yake ilikuwa kukagua jinzi kabla hazijafungwa: zipu, vifungo, mshono wa ndani, rangi isiyolingana. Alikuwa na ulimi mwepesi na hakuogopa mtu. Katibu alimtaka amwamkie shikamoo, naye kila mara alijibu, "Sasa, mzee?" wakaishia kucheka wote wawili. Jambo ambalo wengi hawakulijua mpaka alipoachishwa ni kwamba alikuwa na kisukari cha kudunga sindano. Ofisi ilikuwa ikimlipia insulini na vipimo. Ilipomwachisha, iliacha.

Mfuko ukaanza kumlipia. Alitafuta kazi kila pembe ya mji. Kila alikokwenda aliambiwa meiyou, hakuna, wengine wakiwa wanafunga vibanda vyao wenyewe huku wanamjibu.

Arobaini ikafika.

Sikumbuki nani alianza kusema tufanye kama desturi. Nadhani wanawake walitaka tu Wambui asikae peke yake siku hiyo. Tulikwenda chumbani kwake na pilau, mchungaji mmoja akaomba, ustadhi mmoja akaomba, watu wakala. Kisha Bi Salma, kwa upole wa kweli kabisa, akamshika Wambui mikono miwili na kumwambia, "Haya mwanangu. Mungu atakufungulia mlango." Watu wakaanza kusimama na kutafuta viatu vyao, kama wanavyofanya matanga yakivunjwa.

Wambui alikuwa bado ameshika sahani. "Kwa hivyo ndiyo tumemaliza?" aliuliza.

Waliokuwa wameinama kutafuta viatu waliinuka.

"Kesho asubuhi sindano nadunga ya nani?"

Nilimwangalia Katibu. Alikuwa amekaa pembeni ya kabati, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye redio. Sentensi ile aliijua neno kwa neno. Alitoka wa kwanza.

Siku iliyofuata alikuja kunisubiri nje ya bweni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amekwenda kwa Bi Salma alfajiri, wakakubaliana dawa za Wambui zilipwe mpaka Jumapili, siku ya mkutano. Baada ya hapo wanachama waamue wenyewe. "Nimekuja uniulize maswali," aliniambia. "Yale maswali yako mabaya. Niulize yote leo, Jumapili nisiyasikie kwa mara ya kwanza."

Nikamuuliza kwa asubuhi nzima. Mengi hakuyajibu vizuri.

Jumapili chumba cha juu kilijaa hadi kwenye ngazi. Hoja yake ilikuwa fupi: aliyepoteza kazi asaidiwe mpaka apate kazi, na dawa zisikatwe.

Bi Salma alisimama. Sitaki mtu amwone kama mtu mbaya katika habari hii. Siku zile usingizi alikuwa haupati. "Makontena yangu yamelala bandarini," alisema. "Wateja hawapokei simu. Hawa mnaowaona hapa, nusu yao watapoteza kazi kabla ya mwaka mpya. Mfuko ni huuhuu. Katibu, arobaini si uliiandika wewe?"

"Niliiandika mimi."

"Basi?"

"Basi nilikosea. Nilinakili sheria ya maiti nikawapa watu walio hai." Aliwageukia waliosimama kwenye ngazi. "Aliyefiwa, siku ya arobaini amekwisha kujua kwamba marehemu harudi. Anafuta machozi, anaendelea. Aliyepoteza kazi siku ya arobaini bado anapiga simu. Sisi tukamvunjia matanga."

"Maneno matamu," alisema Bi Salma. "Sasa niambie mwisho. Kila msaada una mwisho, la sivyo si mfuko, ni kisima cha ndoto. Mpaka lini?"

"Mpaka apate kazi."

"Na asipopata?"

Hili nilikuwa nimemuuliza, na nilijua hana jibu. Nilidhani atapiga chenga. Alikuwa fundi wa chenga.

"Hapo sijui," alisema Katibu.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Lakini mimi niliona nyuso, na naamini jibu hilo ndilo lililowavuta wengi. Watu walikuwa wamechoka kusikiliza wanaojua. Mwaka ule wote redio na magazeti yalijaa watu wanaojua.

Wambui aliomba nafasi. "Mimi pole nimepata za kutosha," alisema. "Na ile pilau ilikuwa tamu, asanteni, ingawa si kila mtu hubahatika kula matanga yake mwenyewe." Watu walicheka, naye akasubiri wamalize. "Lakini sukari haijui kama nimefutwa kazi. Haijaambiwa. Inapanda vilevile. Mkitaka kukata, kateni chakula, nitakula kidogo. Dawa sina ya kupunguza."

Walibishana hadi mgahawa ulipoanza kuwasha taa. Kilichopita kwa mikono, kwa tofauti ndogo, kilikuwa katikati ya hoja zote mbili. Dawa na hospitali zingelipwa kwa muda wote ambao mwanachama hana kazi na yuko mjini. Chakula na pango vingelipwa hadi miezi sita. Neno arobaini lilibaki kwa wafiwa peke yao. Mchango wa mwezi ulipanda, na wafanyabiashara kadhaa walijitoa siku ileile, wengine bila kuaga.

Katibu alilipia uamuzi huo kwa cheo chake. Uchaguzi uliofuata waliobaki walimwondoa, wakisema mzee amechoka, anaongozwa na huruma. Huruma! Mtu aliyekuwa hatoi mwavuli. Alikabidhi muhuri wa chama ukiwa umefungwa ndani ya leso, akahamia viti vya nyuma. Kilichonishangaza ni kwamba hakununa. Jumapili iliyofuata alikuja mapema kama kawaida na kumsahihisha katibu mpya Kiswahili chake. Wote tuliendelea kumwita Katibu. Yule mpya tulimwita kwa jina lake.

Wambui alikaa bila kazi miezi mitano. Kisha viwanda vikaanza kufunguka kimoja kimoja, ofisi moja ikamwita Xintang kukagua zipu, na haukupita muda mrefu akaanza kupakia mizigo yake mwenyewe. Sikuwahi kumsikia Katibu akimkumbusha ile Jumapili. Walipokutana alimdai shikamoo yake, basi.

Nilimwona Katibu kwa mara ya mwisho mwaka niliomaliza masomo. Guangzhou ilikuwa inachemka tena, ikipakwa rangi na kuchimbwa kila kona kwa ajili ya michezo ya Asia. Wanachama wengi walikuwa vijana wapya. Kwenye mkutano kijana mmoja alileta hoja ya kufuta kabisa msaada wa wasio na kazi. "Tunawachangia watu ambao hawapo," alisema. "Hapa nani hana kazi? Anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha.

Wambui alisimama. Nakiri nilitulia, nilijua sasa atamjibu.

"Dawa zisiguswe," alianza. "Atakayegusa dawa atanikuta. Lakini ile miezi sita ya chakula na pango ni mingi. Iwe mitatu."

Minong'ono ikaanza. Aliendelea kwa sauti ya mtu anayekagua nguo. "Mimi nilikaa mitano. Mitatu ya kwanza nilitafuta kazi kila siku. Wa nne na wa tano niliacha kutafuta. Nasema ukweli. Nilijua kodi imelipwa, nikakaa."

"Wewe Wambui!" Alikuwa Bi Salma, yuleyule aliyepinga hoja tangu mwanzo, amesimama na mikono kiunoni. "Mbele ya Katibu? Huoni haya? Mtu kapoteza kiti chake kwa ajili yako!"

"Mwache aseme." Katibu aliinuka taratibu kule nyuma. Alikuwa amekonda, na koti lake lilikuwa limekuwa kubwa. "Amesimama kama mwanachama. Hakusimama kama mgonjwa wetu." Kisha akamgeukia Wambui. "Lakini umekosea. Ule mwezi wa nne ndio ambao mtu anauhitaji. Wa kwanza kila mtu ana nguvu. Kwa nini uliacha kutafuta?"

"Nilichoka."

"Ulichoka kufanya nini?"

"Nilichoka tu, mzee. Hoja ni miezi mitatu."

Walipiga kura. Dawa zilibaki kama zilivyo. Miezi sita ikawa mitatu. Katibu alinyoosha mkono wake upande ulioshindwa, akaushikilia juu mpaka mhesabu alipopita.

Nilishuka naye ngazi. Nilitaka kumwambia kitu cha kumfariji, nikasema nilidhani Wambui angemtetea.

"Anitetee kwa lipi?" Alinitazama kama mtu aliyesikia Kiswahili kibovu. "Ananidai nini au namdai nini? Ungetaka aje pale anyooshe mkono kila nikinyoosha wangu, mpaka nife? Basi tungekuwa tumemnunua, tena kwa bei ya sindano." Akatikisa kichwa. "Amekosea. Lakini umemsikia alivyosimama?"

Wambui alitufikia kituoni, anahema, begi begani. Alisimama upande wa pili wa Katibu. Basi lilikuja, wakaliacha lipite.

"Umekasirika, mzee?"

"Nimeshindwa. Kukasirika ni jambo lingine." Kisha, bila ukali, akamuuliza tena. "Mwezi wa nne ulikuwa unafanya nini, hasa? Hapa si mkutanoni."

Wambui alishusha begi begani. "Nilikuwa navaa," alisema. "Kila asubuhi. Nguo za kazi, viatu, nafunga kamba kabisa, nachana nywele. Halafu nakaa kitandani. Nakaa hivyo mpaka jioni, ndiyo navua. Sikuweza kufungua mlango. Sindano nilikuwa nadunga nikiwa na viatu miguuni."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na mfuko wa machungwa alitupita, na mwanga wa taa za duka ukabadilika usoni mwa Katibu.

"Hilo ungelisema mle ndani," alisema mwishowe, "ningeshinda."

"Najua," alijibu Wambui. "Ndiyo maana sikulisema. Pole nimepata za kutosha."